Hotifiksi iliyopotea njiani: kisa cha timu moja ya Dar na branchi zake

Mazingira

Timu ilikuwa ya madevelopa sita, ofisi yao maeneo ya Kijitonyama, wanatengeneza mfumo wa mauzo na stoo kwa ajili ya maduka ya jumla ya Kariakoo. Majina nimeyatoa, jina la mfumo nimelitoa, na vitu vidogovidogo vya kumtambulisha mtu nimevibadilisha, ila mtiririko wa mambo ni uleule. Mi niliitwa pale mambo yalipoharibika mara ya pili, kwa hiyo ya mwanzo nimeyapata kwa wenyewe na kwenye historia ya repo (hifadhi ya programu yao na kila badiliko lake), ambayo kwa bahati walikuwa hawajaichezea.

Kuelewa kisa hiki lazima uelewe kwanza deni. Mwenye duka la jumla Kariakoo ana wateja wa mikoani, anawatumia mzigo kwa basi au kwa lori, wengine wanalipa yote, wengine wanalipa nusu na nusu inabaki kwenye daftari. Mfumo ndio umechukua nafasi ya lile daftari. Mteja akilipa kwa lipa namba, mtandao wa simu unatuma taarifa kwenye seva ya mfumo, seva inasoma kumbukumbu namba ya muamala, inamtafuta mteja, inapunguza deni lake. Hapo ndipo penye uhai wa mfumo wote, vingine ni ripoti na urembo tu.

Wateja wengi wa timu hii walikuwa wanatumia seva moja ya mtandaoni. Lakini maduka matatu yalikuwa na kompyuta yao palepale dukani inayofanya kazi hata intaneti ikikata, na hayo hayaruki kwenda toleo jipya mpaka mtu aende mwenyewe na flashi mfukoni. Kumbuka hili, litarudi.

Upande wa Git, ile programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili ya programu, walikuwa wanafuata GitFlow, ule mpangilio alioandika Vincent Driessen mwaka 2010, na mchoro wake ulikuwa umebandikwa ukutani. Kwa asiyeujua: kuna branchi (njia sambamba za kazi, kila moja na mabadiliko yake) mbili za kudumu, master ambayo ndio iko laivu, na develop ambayo ndio kazi zote zinakutania. Kitu kipya unakianzishia branchi yake kutoka develop. Ukikaribia kutoa toleo unakata branchi ya release, unaisafisha, unaimerji (unaiunganisha) master na pia unairudisha develop. Kikiharibika kitu laivu unakata branchi ya hotfix kutoka master, unarekebisha, afu unaimerji sehemu mbili, master na develop. Hii ya kumerji sehemu ya pili ndio kisa chenyewe.

Hotifiksi ya jioni

Mambo yalianza na simu ya mama mmoja mwenye duka, anauza vyombo vya plastiki. Alimpigia kijana wa malipo moja kwa moja, maana hawa wenye maduka wakishapata namba yako hawapitii kwa mtu mwingine: "Mwanangu, huyu mteja wangu wa Iringa ananidai mzigo mwingine anasema hana deni, mi najua namdai laki mbili, mbona mashine yenu inasema kamaliza?"

Kijana akafungua. Mteja alikuwa anadaiwa 400,000. Kalipa 200,000 mara moja. Lakini taarifa ya malipo ilikuwa imefika mara mbili, maana seva ilichelewa kujibu ile ya kwanza na mtandao wa simu ukaituma tena, jambo la kawaida kabisa kwenye mifumo ya malipo na wala sio kosa la mtandao. Mfumo ukapunguza laki mbili, ukapunguza tena laki mbili, deni likawa sifuri.

Dawa ilikuwa mistari michache tu: kabla ya kupunguza deni, angalia kama ile kumbukumbu namba imeshaingizwa, kama ipo jibu "nimepokea" na usifanye kitu. Kijana akakata branchi ya hotfix kutoka master, akarekebisha faili la malipo.py, akajaribu kwa mkono, akamerji master, ikaenda laivu jioni ileile. Kazi safi na ya haraka.

Ikabaki kuimerji develop. Hapo akakutana na konflikti, yaani mabadiliko yanayogongana ambayo Git haiwezi kuyaamua yenyewe. Siku mbili nyuma mwenzake alikuwa amemaliza branchi yake ya malipo mapya, ambayo ilikaa peke yake karibu mwezi mzima, na ndani yake malipo.py ilikuwa imegawanywa mafaili mawili, moja la kupokea na moja la kulinganisha hesabu, la zamani likafutwa. Git huwa inajitahidi kutambua faili lililobadilishwa jina, lakini kwa kawaida inataka yafanane angalau asilimia 50, na faili lililokatwa katikati na kuandikwa upya halifikii hapo. Kwa hiyo Git ikasema kitu kimoja tu, kwamba malipo.py limefutwa upande huu na limebadilishwa upande ule, amua mwenyewe.

Ilikuwa saa mbili usiku, laivu iko salama, mama kashapigiwa simu kapewa pole. Akaandika git merge --abort kuighairi ile merji, akasema atakaa kesho na mwenzake waangalie wapi pa kuiweka. Kesho yake ikaja na mambo yake. Hakuna tiketi iliyofunguliwa, hakuna ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la timu.

Siku ya toleo

Wiki kama mbili baadaye kiongozi wa timu akakata branchi ya release kutoka develop. Majaribio yakapita, kwa sababu hakukuwa na testi hata moja inayotuma taarifa moja mara mbili. Akaanza kuimerji master, na konflikti ileile ikamtokea: malipo.py limefutwa kwenye release, limebadilishwa kwenye master.

Yeye ndiye aliyerivyu (aliyekagua) kazi ya kugawanya lile faili, kwa hiyo alijua wazi kwamba malipo.py halitakiwi tena. Akaandika git rm malipo.py, akakomiti (akaandika badiliko kwenye historia), akapushi (akalituma kwenye repo ya timu). Ukimuangalia kwa haraka utasema kafanya sawa, na kwa taarifa alizokuwa nazo kafanya sawa kweli. Ila kile alichofuta kilikuwa na mistari ya kuzuia malipo mara mbili, na hiyo mistari haikuwepo sehemu nyingine yoyote duniani isipokuwa kwenye historia.

Toleo likaenda laivu usiku. Asubuhi mpaka saa nne simu zilikuwa zimeshaanza, na sasa sio mama mmoja.

Kurudisha nyuma, na kazi ya mwezi ikayeyuka

Kiongozi akaamua kurudisha nyuma, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi sahihi: hela za watu zinaharibika, hujui chanzo, rudi kwenye kile kilichokuwa kinafanya kazi jana. Akatumia git revert -m 1 kwenye ile komiti ya merji. Hiyo -m 1 inamwambia Git kwamba mzazi namba 1, yaani master ilivyokuwa kabla, ndio upande wa kubaki. Inatengenezwa komiti mpya inayofuta kila kitu kilicholetwa na merji. Malipo.py la zamani likarudi pamoja na hotifiksi yake, laivu ikatulia. Kulikuwa na safu mpya kwenye databesi iliyoongezwa na lile toleo, na revert haigusi databesi, ila safu ile ilikuwa inaruhusu kubaki tupu kwa hiyo programu ya zamani haikuisumbukia. Ingekuwa ni safu ya lazima, mauzo yote ya asubuhi ile yangegoma.

Wakakaa, wakachimba, wakagundua kwamba hotifiksi haikurudi develop. Kwa kuwa sasa walijua kosa lilikuwa wapi, wakaamua safari hii kufuata mchoro wa ukutani bila kuruka hatua: kilichotokea master lazima kirudi develop. Dada mmoja wa timu akamerji master kwenye develop. Ikapita bila konflikti hata moja.

Na develop ikawa haina kazi ya malipo mapya. Mafaili mawili hayapo, skrini mpya hazipo, ripoti haipo, karibu mwezi mzima wa kazi ya mtu umeondoka kimya na Git imeandika merji imefanikiwa.

Hapa ndipo nilipopigiwa simu, na niliwakuta wanabishana kama Git imeharibika. Haikuharibika. Git ikimerji branchi mbili inatafuta kwanza komiti ya mwisho ambayo zote mbili zinayo, afu inaangalia kila upande umefanya nini tangu hapo. Baada ya toleo kuingia master, ile komiti ya pamoja ilikuwa ni ncha ya release yenyewe, ambayo ina kazi yote ya malipo mapya. Tangu hapo develop haikugusa yale mafaili. Master ndio iliyagusa, kwa kuyafuta, kupitia ile revert. Upande mmoja umefuta, upande mwingine haujasema kitu, kwa hiyo Git inafuata aliyesema. Kwa macho ya Git, revert ni mabadiliko ya kawaida kama mengine, ni mtu kaamua kwamba kazi hii haitakiwi, na uamuzi huo unasafiri kwenda kila branchi utakayoimerji.

Na hata ungejaribu kuimerji tena ile branchi ya zamani ya malipo mapya, Git ingekujibu kwamba kila kitu kimeshafika, maana komiti zake zipo tayari kwenye historia. Hili linawapata watu wengi kiasi kwamba ndani ya nyaraka za Git zenyewe kuna maelezo maalum kuhusu kurudisha merji mbovu, yenye maneno ya Linus Torvalds, huyohuyo aliyeanzisha Git mwaka 2005.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuzuia mtu yeyote asipushi kwa nguvu. Mmoja alitaka kuirudisha develop nyuma kwa git reset na kuipushi kwa --force. Ingefanya kazi kwenye kompyuta yake, lakini wenzake watano walikuwa wameshavuta ile merji na baadhi wameshakomiti juu yake, tungeishia na historia mbili tofauti na siku nzima ya kutafuta nani ana nini. Tukakataa.

La pili, tukairivati ile revert. Yaani ndani ya develop tukaandika git revert na namba ya ile komiti ya revert. Inasikika kama mchezo wa watoto lakini ndio njia yenyewe: kazi yote ikarudi kama komiti mpya, mbele ya historia, na Git ikaiona kama uamuzi mpya wa kuitaka tena.

La tatu, hotifiksi haikuweza kuletwa na amri yoyote, maana faili lake halipo tena kwa umbo lile. Kijana wa malipo na mwenzake wa malipo mapya wakakaa meza moja wakaiandika upya kwa mkono ndani ya faili jipya la kupokea. Kabla ya kuiandika niliwaomba waandike testi kwanza: tuma taarifa moja mara mbili, deni lipungue mara moja. Testi ikafeli kama ilivyotakiwa, wakaandika mistari, testi ikapita.

La nne ndilo ninalolipenda kuliko yote. Tukaweka kizuizi ndani ya databesi kwamba kumbukumbu namba ya muamala kutoka mtandao mmoja haiwezi kujirudia, ule UNIQUE wa kawaida kabisa. Programu inaweza kupotea kwenye merji, kizuizi cha databesi kikishawekwa kinabaki palepale hata laivu ikirudishwa toleo la nyuma. Ila huwezi kukiweka wakati data tayari ina marudio, databesi itakikataa, kwa hiyo tulisafisha kwanza: tukatafuta kila namba iliyoingia zaidi ya mara moja, na badala ya kufuta tukaitia namba ya ule mstari wa pili alama ya marudio ili isigongane, kisha tukaingiza mstari wa marekebisho kwenye akaunti ya mteja, wenye maelezo, ili mwenye duka akifungua aone kilichotokea. Mama wa vyombo alikagua mstari kwa mstari na daftari lake la karatasi pembeni, ambalo alikuwa hajaliacha kabisa, na vikakubaliana.

La tano lilichukua mabishano marefu: waendelee na GitFlow au waache. Kijana wa malipo alisema mpangilio ndio tatizo, branchi nyingi mno kwa watu sita. Kiongozi akasema mpangilio hauna shida, watu ndio hawakuufuata. Wote walikuwa na hoja. Ila Driessen mwenyewe mwaka 2020 aliongeza maelezo juu ya andiko lake, akasema timu zinazotoa programu ya mtandaoni mfululizo zitumie mpangilio rahisi zaidi, na kwamba GitFlow inafaa zaidi pale unapotoa matoleo yenye namba au unapolazimika kutunza matoleo kadhaa kwa wakati mmoja. Sasa hawa walikuwa na vyote viwili, seva ya mtandaoni na yale maduka matatu ya flashi.

Tukakubaliana hivi. Branchi ya kudumu ni moja, main. Kila kazi inakata branchi yake kutoka main na inarudi ndani ya siku mbili, ikizidi hapo ikatwe vipande. Kazi isiyokamilika inaingia main lakini inafichwa nyuma ya flagi (swichi ndani ya programu), duka halioni kitu mpaka flagi iwashwe. Hakuna kupushi main moja kwa moja, lazima PR (ombi la kuingiza kazi ili wenzio waikague kwanza), lazima mtu mmoja airivyu na testi zipite. Kwa maduka ya flashi peke yake kuna branchi ya release kwa kila toleo lililo dukani, na rekebisho lolote linaanza main kwanza, ndipo linapelekwa kule kwa git cherry-pick -x, ambayo inanakili komiti moja na inaandika ndani ya ujumbe wa komiti kwamba imetoka komiti gani. Mwelekeo ni mmoja tu. Ukirekebisha main kwanza, ukisahau hatua ya pili anayeumia ni duka moja lenye toleo la zamani, na tatizo lenyewe unalijua. Ukianza kwa branchi ya pembeni na ukasahau kurudi, anayeumia ni kila mtu kwenye toleo lijalo.

Matokeo

Toleo la malipo mapya lilitoka tena, safari hii kwa kuwasha flagi duka moja, kisha matatu, kisha yote. Taarifa mbilimbili ziliendelea kuja kama kawaida, na zikaendelea kukataliwa.

PR zikawa fupi, na kurivyu kukawa kurivyu kweli. Zamani PR ya mwezi mzima ilikuwa inapita na "iko poa kaka" kwa sababu hakuna binadamu wa kusoma maelfu ya mistari saa kumi na moja jioni akiwaza foleni ya Mwenge. Sasa mtu anasoma mistari mia na anauliza maswali.

Sio kila kitu kilikaa sawa. Flagi zikarundikana, watu wanaziwasha na hawazifuti, na kuna siku duka moja liliona kitufe cha kurudisha bidhaa ambacho kilikuwa hakijakamilika kwa sababu mtu aliwasha flagi ya jina linalofanana. Na ile sheria ya siku mbili ilivunjika kwenye kuhamisha ripoti, kazi ambayo kweli haikukatika vizuri, branchi ikakaa zaidi ya wiki na ikarudi na konflikti zake.

Uchambuzi

Watu wengi wakisikia kisa hiki wanamnyooshea kidole yule kijana aliyesema "kesho". Mi nakataa. Alikutana na konflikti ambayo haikuwa ya kwake, usiku, kwenye faili ambalo mwenye kujua lilikoenda ni mtu mwingine ambaye kashaondoka. Kilichomuweka pale ni branchi iliyokaa mwezi mzima bila kukutana na wenzake. Kugawanya faili kungeweza kuingia develop siku ya kwanza, peke yake, bila kipengele chochote kipya, na kila mtu angejua mapema kwamba malipo.py limehama. Ndani ya Git kutengeneza branchi hakuna gharama, ni kifaili kidogo chenye namba ya komiti yenye herufi na tarakimu 40 basi. Gharama yote iko kwenye muda unaoiacha mbali.

Konflikti ya futa na badilisha inastahili hofu kuliko konflikti nyingine. Ile ya kawaida inakuonyesha mistari ya pande zote mbili na alama zake, unalazimika kusoma. Hii haikuonyeshi mistari, inakuuliza faili libaki au liondoke, na ukijibu haraka hujui umefuta nini. Kabla ya git rm kuna amri fupi ya kuandika, git log -p ya lile faili kuanzia pale branchi zilipoachana, uone upande wa pili lilibadilishwa nini na kwa sababu gani. Kwenye kisa hiki ingeonyesha komiti moja yenye ujumbe "zuia malipo kuingia mara mbili". Ujumbe ulikuwa mzuri, hakuna aliyeusoma.

Kulikuwa pia na amri ambayo ingewaokoa mapema zaidi: git log --no-merges develop..master. Inaorodhesha komiti zilizo master na hazipo develop. Kwa timu ya GitFlow, orodha hiyo inatakiwa iwe tupu kabla ya kukata release, ikiwa na kitu hata kimoja simama. Inaweza kuwekwa kwenye mashine ya testi ikagoma yenyewe. Na wanaobaki na GitFlow wasome vizuri kile kipengele kwamba kama branchi ya release imeshafunguliwa wakati hotifiksi inatokea, hotifiksi inapelekwa kwenye release na sio develop moja kwa moja. Kimeandikwa ndani ya andiko lenyewe, na watu hawakifuatilii.

Revert ya haraka ilisaidia sana na ningeifanya tena. Kilichokosekana ni kwamba mtu anayerivati merji aandike palepale, ndani ya ujumbe wa komiti, kwamba kazi hii ikitakiwa tena lazima hii komiti irivatiwe kwanza. Sentensi moja. Yule dada asingemerji master akiamini anaokoa.

Kuhusu testi, hotifiksi bila testi ni mistari tu, na mistari inafutika. Testi nayo ingeweza kufutwa na merji ileile kama ingekuwa ndani ya faili lililofutwa, kwa hiyo testi za mambo ya hela sasa zinakaa kwenye folda yake na zinaongea na mfumo kwa mlango wa nje, kama mtandao wa simu unavyofanya, hazijui faili linaitwaje.

Lililobaki bila jibu zuri ni yale maduka matatu. Cherry-pick inafanya kazi toleo la zamani likiwa linafanana na main, na kila mwezi unavyopita linazidi kutofanana nayo. La mwisho nililosikia, wawili wamekubali kuhamia kwenye seva ya mtandaoni baada ya kuwekewa laini ya pili ya intaneti, na wa tatu amegoma, anasema mashine yake inafanya kazi na hataki mtu aiguse kabla ya msimu wa sikukuu kuisha.